Kabla Hujamwaga Tupio

Duka liko Gerezani, Kariakoo, kwenye mitaa ile ambayo injini zimepangwa hadi barabarani na mpita njia hupita kwa ubavu. Mwenye duka ni mzee aliyeanza na spea tangu ujana wake: injini za mtumba, giaboksi, difu, milango ya Noah. Mzigo wake hutoka Sharjah, kwa muuzaji mwenye asili ya Unguja ambaye wamekuwa wakifanya biashara tangu enzi za faksi. Barua pepe za duka ziko mikononi mwa mpwa wa mzee, binti aliyesomea uhasibu, mtu makini asiyependa kitu kikae shaghalabaghala. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya funzo, ndiyo maana wahusika hawana majina. Wizi uliomo ndani yake sikuutunga. Ndivyo unavyofanywa, na watu wa kweli wanaliwa fedha zao kwa njia hii hii.

Upande wa kushoto wa programu ya barua pepe kuna orodha ya folda: kikasha, rasimu, zilizotumwa, barua taka, tupio. Folda ikiwa na barua ambayo haijafunguliwa, jina lake huandikwa kwa herufi nzito na pembeni hukaa namba. Binti hakuwa akiondoka dukani kabla namba ya kikasha haijaisha. Siku moja akaona tupio nalo lina namba. Kesho yake tena. Hakujiuliza barua ambazo hakuzigusa zimefikaje huko. Aliona ni takataka, na mahali pa takataka ni hapo. Akashika kipanya, akabofya kulia, akachagua “weka zote kuwa zimesomwa”, kisha akamwaga tupio lote. Namba ikafutika. Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni.

Wiki chache kabla ya hapo, duka lilikuwa limepokea barua iliyodai kwamba nafasi ya barua pepe imejaa, na kwamba akaunti itafungwa siku hiyo hiyo asipobofya kiungo na kuingia upya. Ukurasa uliofunguka ulifanana na ule anaouona kila asubuhi. Akaandika anwani, akaandika nywila, ukurasa ukamshukuru, akaendelea na kazi. Nywila ilikuwa imeshafika kwa mtu mwingine.

Mwizi wa namna hii hana haraka. Huingia kwenye akaunti akiwa mbali na kwa siku nyingi hafanyi lolote ila kusoma: nani humwuzia nani, malipo hutoka lini, profoma huandikwaje, watu hawa husalimiana vipi. Akishajua kwamba kuna mzigo unaokaribia kulipiwa, hufungua mipangilio ya barua pepe na kuandika amri moja: kila barua itokayo kwenye anwani ya muuzaji wa Sharjah isiingie kikashani, ipelekwe moja kwa moja kwenye tupio. Amri kama hiyo mara nyingi hupewa jina la nukta moja tu, ili mwenye akaunti akipitisha macho kwenye orodha asione kitu. MITRE, shirika la Marekani linaloorodhesha mbinu za wadukuzi, limeipa mbinu hii namba yake, T1564.008. Wachunguzi wa wizi wa mtandaoni wanaifahamu vizuri sana. Wenye maduka ndio ambao hawajaambiwa.

Kwa nini tupio? Kwa sababu hakuna anayeangalia humo, na kwa sababu mwenye mali mwenyewe humsaidia mwizi kufuta nyayo. Angeificha barua kwenye folda ya pembeni, ingebaki huko miezi na ipo siku mtu angeikuta. Tupioni hukaa saa chache, kisha binti makini anakuja na kuimwaga.

Siku mbili baada ya amri kuwekwa, ikaja barua ya mwizi. Ilikuwa na jina la muuzaji, salamu yake, hata lile neno “mzee wangu” analopenda kulitumia. Anwani ilikuwa na herufi moja ya ziada, r mbili mahali pa moja, na jicho lililozoea jina halisomi herufi. Kwa kuwa anwani haikuwa ile iliyotajwa kwenye amri, barua hii iliingia kikashani vizuri kabisa. Ilisema akaunti ya zamani inakaguliwa na benki, kwa hiyo malipo ya safari hii yapitie nyingine, na profoma mpya imeambatanishwa. Watanzania wengi wenye simu wameshapokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na siku hizi watu wanaucheka. Hii ilikuwa kauli ile ile, ila ilikuja kwa wakati wake, ikitaja mzigo wenyewe na deni lenyewe hadi dola ya mwisho.

“Mjomba, bwana wa Sharjah kabadilisha akaunti ya benki.”

“Kwa nini tena?”

“Anasema ile ya zamani inakaguliwa. Nimpigie simu kwanza?”

“Umpigie umwulize nini, mwanangu? Mtu tumeaminiana naye miaka yote hii, leo tumwulize kama akaunti ni ya kwake? Lipa, asije akaona tunamzungusha.”

Zikaenda dola 18,000. Simlaumu mzee. Jibu lake ni la mtu muungwana, na ndilo jibu ambalo mwizi alikuwa akilitegemea.

Huko Sharjah muuzaji wa kweli alikuwa akiandika kama kawaida. Barua ya kwanza ilikuwa na picha za injini zikiwa zimefungwa kamba ndani ya kontena. Ya pili ilimkumbusha mzee kwamba nafasi kwenye meli inatakiwa kuthibitishwa. Ya tatu ilikuwa fupi: “Mzee wangu, naona kimya, natumai ni kheri.” Zote zilitua kwenye tupio la Gerezani kwa herufi nzito, na zote zilimwagwa jioni.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Muuzaji huyu alibaki na mazoea ya faksi, iliyokuwa ikitoa karatasi ya kuthibitisha kwamba ukurasa umefika. Kila barua ya biashara huiwekea ombi la taarifa ya kusomwa. Kwenye Outlook, barua yenye ombi hilo ikiwekewa alama ya kusomwa, taarifa hutumwa kwa aliyeandika, hata kama aliyeweka alama hakuifungua barua wala kuona mstari wake wa kwanza. Ikifutwa kabla ya kuwekewa alama, mwandishi huweza kuambiwa kwamba barua yake imefutwa bila kusomwa. Programu inaweza kupangwa imwulize mwenye akaunti kwanza, au itume yenyewe. Kwenye kompyuta ya duka ilikuwa imepangwa itume yenyewe. Kwa hiyo kila binti alipobofya “weka zote kuwa zimesomwa”, Sharjah kulifika taarifa: barua yako imesomwa, saa kumi na moja na nusu jioni.

Jiweke mahali pa muuzaji. Umemwandikia rafiki yako mara tatu, umeambiwa mara tatu kwamba amesoma, na hajajibu hata neno. Utadhani kapata bei nafuu kwingine na anaona haya kukwambia. Kumpigia simu mtu mzima anayekukwepa ni kumwaibisha, basi unasubiri. Kariakoo nako mzee alikuwa akisubiri hati za mzigo. Binti alipouliza kwa barua, mwizi alimjibu palepale, kwa upole, kwamba hati ziko njiani. Mzee akatulia, maana kumbana mtu uliyekwisha kumlipa ni kumwonyesha humwamini. Watu wawili wenye adabu wakanyamaziana karibu siku kumi, kila mmoja akimhifadhia mwenzake heshima yake, na muda wote huo barua zilizokuwa na jibu zilikuwa zikipita kwenye kompyuta ya duka.

Mwishowe muuzaji ndiye aliyepiga simu. “Mzee wangu, kama mzigo huutaki niambie tu, nimpe mtu mwingine. Kontena liko yadi.” Mzee akamwambia hela alishatuma. Haikuchukua dakika tano wakaelewa wote wawili kwamba wameibiwa, ingawa hakuna aliyejua kwa njia gani.

Ilikuwa mchana, kabla ya saa ya kumwaga. Binti akafungua tupio. Kulikuwa na barua moja ya Sharjah, ya asubuhi ile, kwa herufi nzito. Alipoifungua akakuta chini yake zimeshikana zile zote alizozimwaga, kwa sababu muuzaji hujibu juu ya barua ya zamani bila kuikata. Akazisoma kuanzia chini kwenda juu: picha, ukumbusho wa meli, “natumai ni kheri”. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti akizisoma naye.

Benki ilituma ombi la kurudishiwa fedha. Ombi kama hilo huweza kufaa likiwahi, na hapa siku zilikuwa zimepita. Akaunti iliyopokea ilikuwa imeshakaushwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mtu aliyeingia kwenye akaunti ile kuwa mhalifu, lakini polisi wanataka ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa imemwagwa jioni baada ya jioni. Msisahau ukubwa wa jambo hili. Kwa Marekani peke yake, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa intaneti kilipata malalamiko 21,489 ya wizi wa barua pepe za biashara mwaka 2023, na hasara iliyotajwa ilizidi dola bilioni 2.9. Huko kuna kituo cha kuhesabu. Mwenye duka la spea, fundi cherehani anayeagiza vitambaa, ushirika wa wakulima unaouza kahawa nje, hao wakiibiwa huumia kimyakimya.

Sasa turudi kwenye ile namba iliyokuwa ikimkera binti, kwa sababu ilikuwa ikimwambia jambo la kweli. Barua pepe nyingi hupita kwenye utaratibu uitwao IMAP, ambao Mark Crispin aliuanzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa utaratibu huo, mahali barua ilipo ni jambo moja, na kama imesomwa au haijasomwa ni jambo jingine, lenye alama yake peke yake. Ukiihamisha barua kutoka kikashani kwenda tupioni, huenda na alama zake kama zilivyo. Ndiyo maana barua huweza kuwa tupioni na bado ikahesabiwa kuwa haijasomwa. Mashine haijakosea. Inasema kwamba barua hii imetupwa, na hakuna mtu aliyekwisha kuifungua. Basi ni nani aliyeitupa?

Mara nyingi ni wewe mwenyewe. Umeona kichwa cha tangazo, ukakiburuza kwa kidole kwenye simu, ikaenda. Hiyo haina neno. Wakati mwingine ni kichujio ulichokiweka zamani ukakisahau: ulichoshwa na matangazo ya benki, ukaamuru kila kitu chenye jina la benki hiyo kifutwe, na sasa taarifa ya mkopo wako nayo inafutwa. Au ni simu ya zamani iliyoko kwa mdogo wako, bado ina akaunti yako, na yeye akiona barua nyingi anazifuta kwa nia njema. Na wakati mwingine ni mwizi. Kwa kuangalia namba tu huwezi kuwatofautisha hawa wanne. Ukiangalia majina ya waliokuandikia, unaweza.

Kazi yenyewe ni ndogo, nami nawasihi watu waifanye. Fungua tupio, zipange barua kwa jina la mwandishi, upitie safu ya majina na vichwa vya habari tu. Usizifungue ovyo wala usiguse viungo vilivyomo, maana humo mna barua za matapeli kweli, na nyingine hubeba picha zinazomjulisha aliyezituma kwamba umezifungua. Unachotafuta ni jina unalolijua: mteja, muuzaji, shule ya mtoto, mamlaka ya mapato, ndugu. Anayetumia Gmail aandike kwenye kisanduku cha kutafutia in:trash is:unread, naye ataletewa zile tu ambazo zimetupwa bila kusomwa. Hili ni la lazima, kwa kuwa utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii ndani ya tupio. Mtu anaweza kutafuta jina la muuzaji wake mara kumi, aambiwe hakuna kitu, na barua ziwe zimejaa humo.

Na kuna muda. Gmail hufuta yenyewe barua iliyokaa tupioni siku 30. Kumwaga kwa mkono kunaupunguza muda huo hadi sifuri. Hata hivyo, kwa anayetumia barua pepe ya kazini iliyo chini ya Microsoft, tupio likishamwagwa bado mna sehemu ya kurejesha vilivyofutwa, ambako barua kwa kawaida hukaa siku 14, na msimamizi anaweza kuongeza hadi 30. Kwa ofisi zinazolipia Google Workspace, msimamizi ana siku 25 za kurejesha. Binti hakujua hayo siku ile ya kwanza. Alipoelekezwa, barua mbili kati ya zile zilizomwagwa zilirudi, zikiwa kamili na anwani zake, na ndizo zilizopelekwa polisi.

Sisemi watu waache kumwaga tupio. Linakula nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua, mafaili na picha, na kilichomo tupioni nacho huhesabiwa humo. Nafasi ikiisha, barua mpya hazipokelewi. Ninachokipinga ni ile amri ya kuzipiga zote alama ya kusomwa ili namba ipotee. Mtu akiibofya anatoa ushahidi kwamba amesoma, na ushahidi huo, kama tulivyoona, unaweza kumfikia yule aliyeandika.

Ukikuta jina unalolijua, simama hapo. Usimwage kitu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio au kanuni, uone ni amri zipi zipo na kama uliziandika wewe. Angalia pia kama barua zako zinapelekwa nakala kwenye anwani usiyoijua. Watu wengi wakishtuka hubadilisha nywila na kudhani wamemaliza, lakini nywila mpya haiondoi amri iliyokwisha kuandikwa. Itaendelea kuzitupa barua kama jana. Futa amri baada ya kuipiga picha, badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Halafu mpigie simu mtu wako kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Wezi wajanja zaidi huandika amri yao hivi: itupe tupioni, na uiwekee alama ya kusomwa. Hapo namba haitokei kabisa. Kwa hiyo mwenye biashara asitegemee herufi nzito peke yake. Apite pia kwenye zile zinazoonekana zimesomwa, na akiona moja asiyokumbuka kuifungua, aiulize maswali yale yale.

Muuzaji wa Sharjah alilishikilia kontena hadi mzee alipoweza kulipa tena, kwa mafungu, na gharama za yadi akazibeba mwenyewe. Alisema na yeye alikosa kwa kuamini taarifa za mashine kuliko kumjulia hali rafiki yake. Wakakubaliana kwamba akaunti ya benki ikibadilika, habari hiyo itasemwa kwa mdomo, kwenye simu, na atakayeuliza mara mbili hatahesabiwa kuwa amemshuku mwenzake.

Binti hupitia tupio kila Ijumaa kabla hajalimwaga. Majuma machache baada ya mkasa alikuta humo barua tatu za kampuni ya bima, zote hazijasomwa: bima ya pikapu ya duka ilikuwa inakaribia kuisha. Mara hii hakukuwa na mwizi. Kichujio alikiweka yeye, miaka kadhaa nyuma, alipochoshwa na matangazo ya kampuni hiyo. Alikifuta, akalipia bima siku ile ile.